Nyuzi za Nakuru na majina ya rangi: Hazina ambayo kamusi zetu hazijaifungua

Mnamo Novemba 2021 Shirika la UNESCO liliiingiza Nakuru katika mtandao wake wa miji bunifu, upande wa ufundi na sanaa za jadi. Wiki chache baadaye, tarehe mosi Desemba, Nakuru ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Ilikuwa haki watu kushangilia. Hata hivyo, kuna swali linalotuhusu moja kwa moja sisi wapenzi wa Kiswahili: ufundi huo uliotambuliwa na ulimwengu unasemwa kwa maneno gani? Fundi akikaa na mwanagenzi wake, uzi huu anauitaje, na ule mwingine anauitaje?

Katika makala haya nitaangazia kipengele kimoja tu cha ufundi huo, nacho ni kuchagua rangi za nyuzi za kudarizi na kufuma vitambaa. Huenda msomaji akaona hilo ni jambo dogo, la akina mama na vikapu vyao vya nyuzi. Si dogo hata kidogo. Majina mengi ya rangi tuliyo nayo yalikuzwa na watu walionunua, waliouza na walioshona nguo, ushanga na nyuzi. Bonde la Ufa la kati ni mahali pazuri pa kuiona historia hiyo. Nazo shule na kamusi zetu zinaipuuza hazina hiyo, huku tukilalamika kila siku kwamba Kiswahili kina upungufu wa majina ya rangi.

Vivumishi vitatu

Tuanze na malalamiko hayo. Ni kweli kwamba katika sarufi yetu ni rangi tatu tu zinazochukua upatanisho kamili: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema uzi mweupe, kitambaa cheusi, nyuzi nyekundu. Rangi nyingine zote huhitaji kuunganishwa kwa -a: uzi wa kijani, kitambaa cha manjano, sweta ya samawati. Mwaka wa 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu walimolinganisha lugha 98. Walidai kwamba lugha ikiwa na majina matatu tu ya msingi ya rangi, majina hayo huwa ni ya nyeupe, nyeusi na nyekundu. Vivumishi vya Kiswahili vinaafikiana na dai hilo vizuri sana, na ni rahisi mtu kuruka kutoka hapo hadi kusema kwamba lugha hii ina macho ya rangi tatu, na zilizobaki ni za kuazima.

Hoja hiyo inachanganya sarufi na macho. Tatu ni idadi ya maneno yenye upatanisho, si idadi ya rangi ambazo msemaji anaziona wala anazoweza kuzitaja. Kwa rangi nyingine Kiswahili kilichagua njia tofauti: kutaja kitu. Manjano ni kiungo cha mchuzi kabla hayajawa rangi. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Kahawia imetoka kwa kahawa. Zambarau ni tunda linaloacha alama kwenye ulimi wa mtoto. Samawati ni mbingu, kwa Kiarabu. Mtu akisemwa kuwa ni maji ya kunde, kila aliyewahi kuchemsha kunde tayari amemwona. Msemaji akihitaji jina la rangi mpya hatungi neno gizani. Anatafuta kitu ambacho msikilizaji wake amekishika au amekila, na kwa kitu hicho wanaelewana.

Isitoshe, lugha ina vipimo vya ukali wa rangi ambavyo vitabu vya sarufi huvitaja kwa haraka kisha vikaviacha. Kuna nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Kuna rangi iliyokolea, iliyofifia, iliyopauka, iliyochujuka, inayong'aa na inayoshtua. Anayechagua nyuzi huvihitaji vipimo hivi kuliko anavyohitaji majina yenyewe, kwa maana picha nzuri haishonwi kwa nyekundu moja. Hushonwa kwa nyekundu tatu au nne zinazopokezana.

Nguo zilizokuwa rangi

Vitu ambavyo watu wa mwambao walivishika na kuvibishania bei kila siku vilikuwa nguo. Neno rangi lenyewe asili yake ni Kiajemi, nalo lilitufikia kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Darizi, linalotupa kitenzi kudarizi, linatokana na jina la Kiajemi la mshonaji. Zari, ule uzi wa dhahabu unaopamba majoho, lina asili hiyo hiyo. Hariri na sufu tulivipata kwa Waarabu.

Katika karne ya 19, bidhaa za Zanzibar zilijumuisha merikani, nguo ya pamba isiyopaushwa iliyotoka Marekani, na kaniki, nguo ya buluu iliyokolea hadi ikakaribia weusi, iliyotoka India. Kulikuwa pia na nguo nyekundu iliyoitwa bendera. Nayo bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu. Aliyeomba kaniki hakuwa na haja ya kutaja rangi. Nguo na rangi yake vilikuwa neno moja.

Mfano ulio bora zaidi ni hudhurungi. Leo mwanafunzi hulikariri neno hili kama jina la rangi na hana picha yoyote akilini. Kamusi za kale zinalieleza kuwa ni aina ya kitambaa cha pamba, chenye rangi ya kahawia inayoelekea manjano, kilichotumika kushona kanzu. Kitambaa hicho kilitoweka madukani. Rangi ikabaki kwenye kamusi bila nguo ya kuvaa. Ndiyo maana walimu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa kama hudhurungi na kahawia ni kitu kimoja. Wote wawili wanatazama jina ambalo kitu chake hawakukiona.

Ushanga wa njia ya bara

Rangi hizo zilipanda bara kwa miguu, mabegani mwa wapagazi. Richard Burton, aliyetoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, aliorodhesha katika kitabu chake cha 1860 aina nyingi mno za ushanga kwa majina yake ya sokoni. Kulikuwa na ushanga mwekundu ulioitwa samesame. Aliandika kwamba jina jingine la ushanga huo lilimaanisha kimaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kuutoa mlo wake ili aupate. Jambo kubwa ni kwamba kila eneo lilikuwa na rangi yake, na mitindo ilibadilika. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa umebeba mawe. Haungeweza kununua hata kibaba cha mtama.

Bonde la Ufa halikuwa tofauti. Joseph Thomson alipokuwa akielekea nchi ya Wamaasai mwaka wa 1883, iligundulika huko Taveta kwamba ushanga wake haukuwa umetungwa kwa urefu uliokubalika kwa wenyeji wa mbele. Watu wake walikaa kitako wakautunga upya kabla ya kuendelea. Baadaye alipita Ziwa Naivasha, na hatimaye akafika Baringo. Katika safari hiyo aliandamana kwa muda na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Watu kama Kimameta walikuwa wajuzi wa rangi wa zama zao. Hawakuwa wachoraji. Walikuwa wafanyabiashara ambao kosa moja la rangi lingewalaza njaa wao na wapagazi wao.

Waliowangoja njiani walikuwa wajuzi zaidi. Wamaasai, mabingwa wa kutofautisha ng'ombe kwa rangi na madoa, wameacha rangi hata kwenye ramani. Jina Narok linatokana na neno lao la weusi. Ewaso Ng'iro ni mto wa maji ya kahawia. Katika shanga zao, nyekundu hukaa kando ya nyeupe, na buluu ikatenganishwa na kijani, kwa mpangilio ambao mama humfundisha bintiye. Basi tusidhani kwamba elimu ya kupanga rangi ililetwa Bonde la Ufa na mtu aliyekuja na sindano ya chuma.

Reli, kondoo na kanvasi

Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Mwaka wa 1904, kwa mkataba ambao hatuhitaji kuusifu, Wamaasai walianza kuondolewa katika malisho ya Naivasha na Nakuru ili walowezi waingie. Lord Delamere alichukua ardhi Njoro na kuleta kondoo wa merino kutoka New Zealand, kwa tamaa ya sufu. Wengi walikufa, kwani malisho yale yalikosa madini. Maradhi hayo ya upungufu wa madini yaliitwa kwa jina la Nakuru katika vitabu vya tiba ya mifugo. Kondoo walipata nafuu walipohamishiwa Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita.

Wake za walowezi walikuja na desturi yao ya kudarizi kwenye kanvasi, yaani kitambaa kigumu chenye vitundu vya mraba, ambapo sindano hujaza kitundu baada ya kitundu hadi picha itokee. Desturi hiyo ilikuwa imeenea Ulaya katika karne ya 19 baada ya wachapishaji wa Berlin kuuza michoro iliyopakwa rangi kwa mkono kwenye karatasi za miraba. Kila mraba ulikuwa mshono mmoja. Kisha mwaka wa 1856 kijana Mwingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akaambulia rangi ya zambarau iliyotokana na lami ya makaa. Viwanda vya rangi za kemikali vikafumuka. Kufikia 1897 hata nili, iliyokuwa ikitolewa mmeani, ilikuwa ikiuzwa na kiwanda cha Ujerumani.

Rangi zilipoongezeka hivyo, majina hayakutosha hata katika lugha za Ulaya. Viwanda vya nyuzi vikaamua kuhesabu. Mpaka leo, uzi mweusi wa kampuni ya DMC, iliyoanzishwa Mulhouse, Ufaransa, mwaka wa 1746, ni nambari 310 popote duniani. Nambari ina faida yake. Mtu aliyeishiwa na uzi akiwa Molo anaweza kuuagiza kutoka mbali na akapata ule ule. Lakini nambari haina harufu ya bizari. Haimwambii mtoto chochote mpaka aone uzi wenyewe.

Ligi ya Wanawake wa Afrika Mashariki, iliyoundwa 1917 na wanawake wa Kizungu nchini, ilifikia hatua ya kudarizi historia ya walowezi katika msururu wa paneli, na kitabu kuhusu kazi hiyo kikachapishwa mwaka wa 1962, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru. Kazi ya aina hiyo inatufunza kwamba kitambaa ni kumbukumbu. Pia inatufunza kwamba aliyeshika sindano ndiye huamua nani aonekane mbele na nani awe rangi ya nyuma.

Vitambaa vinakuwa vyetu

Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka wa 1952, chini ya idara ya serikali ya kikoloni iliyoshughulikia maendeleo ya jamii. Masomo yake yalikuwa ya usafi, upishi, kushona na kufuma. Wanahistoria wamesema mengi kuhusu nia ya serikali hiyo katika miaka ya Hali ya Hatari, na sitayarudia hapa. Linalotuhusu ni kwamba sindano ilibaki hata mwalimu alipoondoka. Wanawake waliichukua wakaifanya yao. Baada ya uhuru, familia zilipohamia mashamba yaliyokuwa ya walowezi, kutoka Subukia hadi Njoro na Molo, vitambaa viliingia sebuleni na vikakaa.

Hakuna Mkenya wa makamo asiyejua vitambaa vya kochi. Kuna cha mgongoni, viwili vya mikononi, kile kikubwa cha meza, na kidogo cha juu ya redio. Vingine vimefumwa kwa sindano ya kulabu, vingine vimedariziwa maua, kuku na maneno ya kumkaribisha mgeni. Vilifuliwa Jumamosi vikatandazwa Jumapili. Bibi harusi alihukumiwa kwavyo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Sayansi Kimu na somo la sanaa na ufundi viliwafikisha watoto wengi kwenye mshono wa mnyororo na mshono wa msalaba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yalipunguzwa katika mtihani wa darasa la nane, na kwa kuwa shule zetu hufundisha kinachotahiniwa, sindano zikarudi kwenye droo.

Jirani wa rangi

Sasa tuingie katika uchaguzi wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, kililalamikiwa kwamba uzi wake mweusi ulikuwa hafifu. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi pale tangu 1824, aliuchunguza uzi huo akaona hauna kasoro. Kasoro ilikuwa kwa jirani. Mweusi ukiwekwa kando ya buluu na zambarau iliyokolea ulionekana umepauka. Ukihamishwa mahali pengine ulirejesha weusi wake. Mwaka wa 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya kanuni hiyo: rangi haionekani peke yake, huonekana pamoja na iliyo kando yake.

Kanuni hiyo hiyo, kwa maneno machache zaidi, utaisikia kwenye vibanda vya nyuzi vya Nakuru. "Hii inameza hiyo ingine," muuzaji atasema, akimaanisha kwamba kijani ile iliyochangamka itafanya manjano isionekane. "Nipee nyekundu imetulia kidogo," mnunuzi atajibu. "Toka nayo nje uione kwa jua." Na ushauri ulio muhimu kuliko wote: "Chukua yote mara moja, mama, mzigo ukiisha hutapata kama hii." Maana uzi wa rangi moja ukipakwa rangi siku mbili tofauti huwa haulingani sawasawa, na tofauti ambayo jicho haliioni dukani hujitokeza katikati ya kitambaa kama barabara. Ndiyo sababu fundi mwenye uzoefu huanza na rangi ya nyuma, ambayo hula uzi mwingi kuliko zote, ndipo achague maua ya kukaa juu yake.

Tazama vitenzi hivyo: kumeza, kutulia, kuchangamka, kushtua, kupoa. Ni nadharia kamili ya rangi iliyoundwa kwa maneno ya kila siku. Anayetaka kufundisha kanuni ya Chevreul kwa Kiswahili ana msamiati mkononi. Hana haja ya kusubiri kamati ya istilahi ikutane hotelini.

Sweta, mitumba na damu ya mzee

Ni nini basi kilichoyaleta majina ya Kiingereza kwenye nyuzi zetu? Wengi watasema ni ugeni wa mambo ya kisasa. Mimi ninashuku sare za shule. Mwanamke mwenye mashine ya kufuma sweta katika mtaa wowote wa Nakuru huishi kwa sare hizo, na shule hutoa orodha yake kwa Kiingereza. Hivyo tukapata maruni, nevi bluu na kijani ya chupa. Mtoto huvaa rangi hiyo miaka mingi bila kuisikia kwa Kiswahili.

Ila maruni tayari ilikuwa na jina. Kenya na Tanzania, wazee kwa vijana, wamekuwa wakiiita damu ya mzee. Ni jina lenye nguvu na lenye ukweli wa jicho, kwani wekundu huo ni mzito, umekolea na kutulia, si ule wa jeraha bichi. Linafuata utaratibu ule ule wa kijani na kijivu. Hata hivyo, mwanafunzi akiliandika kwenye insha anaweza kabisa kukuta alama nyekundu ya mwalimu juu yake, eti ni lugha ya mitaani. Angeandika hudhurungi akimaanisha rangi asiyoijua, angepita. Hapo ndipo penye dhuluma ninayoizungumzia. Mtoto anayeona sawasawa na kutaja sawasawa anafunzwa kulionea haya jicho lake.

Nacho kichaguo cha rangi si huru kila wakati. Viwanda vya nguo vya nchi hii vilipoyumba katika miaka ya 1990 na mitumba kujaa sokoni, akina mama waligundua kwamba sweta kuukuu ni bunda la uzi. Hununuliwa, hufumuliwa, uzi ukaoshwa na kukunjwa upya, kisha ukawa kitambaa, kiondo au sweta nyingine. Rangi iliyochaguliwa na mtu wa mbali kwa ajili ya majira yake ya baridi ikawa ndiyo rangi ya sebule ya Bahati au Gilgil. Kufumua ili ufume: hata vitenzi vinasimulia uchumi wa miaka hiyo.

Heroe, waridi na chungwa

Mandhari ya huku yana rangi za kutosha kuikuza lugha. Weupe wa maua ya pareto ya Molo, dhahabu ya ngano ya Njoro kabla ya kuvunwa, kijivu cha magadi kandokando ya ziwa. Juu ya yote kuna heroe, ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Wekundu wao mwepesi hutokana na chakula chao, viumbe vidogo vya majini vinavyoota katika maziwa ya magadi. Maji ya Ziwa Nakuru yalipofurika katika mwongo uliopita na chumvi yake kupungua, wengi walihamia kwingine, Bogoria ikiwemo. Wanaobaki bila kuhama ni wale walioshonwa kwenye vitambaa.

Uzi wa kumshona heroe unaitwaje? Dukani utaambiwa ni pinki. Kamusi zitakuambia waridi. Ajabu ni kwamba Naivasha, mwendo wa takriban saa moja na nusu kwa gari, hukuza mawaridi yanayouzwa Ulaya nzima, na maelfu ya watu wa kaunti hii huyakata kila asubuhi kwa mikono yao. Waridi si neno la kitabuni tena hapa. Ni kazi ya watu. Neno ambalo kitu chake kiko mlangoni hivi halihitaji kampeni. Linahitaji tu kutumiwa na mwalimu na muuza nyuzi siku moja, kisha siku ya pili.

Ni kweli pia kwamba rangi inayotajwa kwa kitu hubeba historia ya kitu hicho. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005, upande mmoja ulipewa alama ya chungwa na mwingine ndizi. Tangu hapo rangi ya chungwa nchini Kenya si ya tunda peke yake. Nakuru, ambako jamii nyingi huishi ukuta kwa ukuta, na ambako Januari 2008 majirani walimwaga damu, yajua kwamba rangi husomwa kwa kuangalia nani ameivaa na nani amesimama kando yake. Chevreul hakuwaza siasa, lakini angeelewa.

Nini kifanyike

Kuna watakaosema kwamba lugha sanifu inahitaji majina machache yaliyokubaliwa, na kwamba tukiruhusu kila soko liwe na rangi zake hatutaelewana. Hoja hii ina uzito. Mtahini hawezi kusahihisha kwa majina elfu. Lakini usanifishaji mwema huchagua kutoka kwa yanayosemwa. Haupuuzi yanayosemwa ukachagua yasiyosemwa. Kwa usahihi wa kiwandani tuna nambari, na hakuna atakayezinyang'anya. Kazi ya jina la rangi ni nyingine. Ni kumfanya mtu ambaye hauoni uzi auone.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, waandishi wa kamusi watume watafiti kwenye vibanda vya nyuzi, vya ushanga na vya sweta, waandike majina, vitenzi na vipimo vya rangi kama vinavyosemwa, pamoja na mahali vinaposemwa. Pili, walimu wa mtaala wa umilisi, ambao unadai mtoto ajifunze kwa kutenda, wafundishe msamiati wa rangi mtoto akiwa ameshika uzi, na wakubali damu ya mzee na maji ya kunde kwa heshima ile ile wanayoipa urujuani. Tatu, Nakuru, ikiwa inataka hadhi yake ya ufundi iwe na maana zaidi ya kibao barabarani, iandike orodha ya kazi za mafundi wake kwa Kiswahili kabla ya kuiandika kwa lugha nyingine yoyote.

Hili la tatu halina muda wa kusubiri. Wanawake waliojifunza sindano katika miaka ya 1950 wamebaki wachache. Wengi wao hawakuandika chochote. Ujuzi wao uko kwenye vidole na kwenye maneno wanayoyatumia wanapomkataza mjukuu kuweka rangi mbili zinazogombana pamoja. Kitambaa kinaweza kuhifadhiwa kwenye sanduku la vioo kwa miaka mia. Neno alilotumia aliyekishona lisipoandikwa akiwa hai, litafuata njia ya hudhurungi.